Mnyama akitaka kuvuka: ushoroba hasa ni kitu gani?

Ukipanda basi la Arusha kwenda Babati mwezi wa sita au wa saba, ukishaipita Makuyuni kaa dirishani. Kwenye kipande cha Kwakuchinja na Minjingu, jua likielekea kuzama, unaweza kuwakuta pundamilia kumi au ishirini wamesimama kando ya lami, masikio yameelekea barabarani. Hawali. Linapita lori la mbolea, linafuata basi, kisha bodaboda iliyofungwa magunia mawili ya mkaa. Wa mbele anatanguliza mguu kwenye lami, honi inalia, anaurudisha. Halafu barabara inatulia kidogo, jike mmoja anakata shauri, na wenzake wanamfuata mkia kwa mkia. Haifiki hata dakika, upande wa pili limebaki vumbi tu.

Hapo ndipo panapoitwa ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Neno ushoroba, yaani njia ya wanyama kutoka eneo moja kwenda lingine, limeshazoeleka: lipo kwenye hotuba za mawaziri, kwenye mabango, na kwenye mikutano ya vijiji inayovunjika kwa kelele. Tatizo ni kwamba neno hilo moja tunalitwisha safari za aina mbalimbali. Mzee anasema hapa tembo wanapita tangu enzi za babu yake, kijana aliyenunua ekari tatu anaapa kwamba miaka minane hajaona hata kinyesi cha tembo, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Tuanze na safari iliyo rahisi kuonekana, ile ya msimu. Tarangire ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na mpangilio wake unaufuata mto ambao hauishiwi maji wakati wa kiangazi. Mwezi wa nane na wa tisa wanyama hujazana pale, na mgeni anayefika wakati huo huamini kwamba ameyaona makao yao. Arudi mwezi wa tatu. Nyumbu na pundamilia wengi watakuwa wameondoka: baadhi mashariki kwenye nyanda za Simanjiro, baadhi kaskazini kupitia Manyara Ranch kuelekea upande wa Ziwa Natron. Yaani mipaka ilichorwa kuzunguka mahali wanyama wanapokunywa. Mahali wanapozalia palibaki nje.

Kwa nini waondoke wakati wa masika, nyasi zikiwa tele hifadhini? Jibu liko kwenye udongo. Nyumbu anayenyonyesha anahitaji fosforasi nyingi, na nyasi za Tarangire hazimtoshelezi. Za Simanjiro na za nyanda za kaskazini zina madini zaidi, kwa hiyo ndama wanazaliwa huko, nje kabisa ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka linanifanya nitabasamu: lile lori la mbolea lililowazuia pundamilia pale barabarani limebeba fosforasi. Minjingu kuna kilima kinachochimbwa fosfeti, iliyotokana na mavi na mifupa ya viumbe wa ziwa la kale, hasa ndege wanaokula samaki. Mkulima wa mahindi wa mbali anaisubiri fosforasi ileile ambayo nyumbu anaifuata kwa miguu.

Sasa ziba njia ya Simanjiro. Hifadhi itabaki na mto wake, nyasi zake na mibuyu yake ya kupigia picha, na mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Kitakachopungua ni ndama. Hesabu za kutoka angani mwishoni mwa miaka ya 1980 ziliwapata nyumbu zaidi ya 40,000 katika mfumo mzima wa Tarangire. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa maelfu machache. Ujangili ulichangia, lakini mashamba yaliyofunguliwa kwenye njia na kwenye nyanda za kuzalia yalichangia vilevile, na hakuna askari wa hifadhi anayeweza kulinda kitu ambacho kiko nje ya lango lake.

Safari ya pili haionekani kabisa, na ndiyo inayowachanganya watu. Ni ile ya kijana anayefukuzwa nyumbani. Simba dume akifikisha miaka miwili au mitatu hutimuliwa na wakubwa. Tembo dume huanza kujitenga na mama zake akiwa na miaka kama kumi na miwili hadi kumi na mitano. Huyu hafuati njia ya ukoo wala msimu. Anatoka mara moja katika maisha yake, mara nyingi usiku, na anaweza kupita shambani kwako leo asipite mwingine kama yeye kwa miaka mingi. Ukimuuliza mwenye shamba, atakwambia hakuna mnyama anayepita hapa. Ukiwauliza wanajenetiki, watakwambia huyo mmoja ndiye anayewaokoa waliobaki.

Hesabu yao haina miujiza. Kundi dogo lililofungiwa huoana lenyewe kwa lenyewe, na kasoro zilizokuwa zimefichika huanza kujitokeza. Mfano unaojulikana zaidi ni wa puma, paka wakubwa wa mwituni, wa Florida, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki kati ya 20 na 30, wengine mkia umepinda ncha, wengine moyo una tundu, madume wengi korodani hazijashuka. Mwaka 1995 wakaletwa puma majike wanane kutoka Texas. Vizazi vilivyofuata vikawa na afya, na idadi ikapanda hadi kupita 100. Puma wanane wa kike, wamebebwa kwa gari, walifanya kazi ambayo zamani ilifanywa bure na vijana waliokuwa wakizurura.

Si kila kizuizi tumekijenga sisi, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2023 mtafiti Mtanzania George Lohay na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya twiga wa pande mbili za kingo za Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania: wa Serengeti na Ngorongoro upande mmoja, wa Tarangire na Manyara upande mwingine. Ukipima kwa ramani, wako jirani. Kwa damu, hawajachanganyika kwa muda mrefu mno, hata upande wa madume ni zaidi ya miaka elfu moja. Twiga hapandi ukuta wa mwamba. Maana yake ni kwamba twiga wa Tarangire hawawezi kutegemea ndugu wa ng'ambo kuja kuwaokoa. Kila uzio unaojengwa upande wao unawagawa twiga ambao tayari ni wa nyumba moja ndogo.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo ramani hailijibu: pengo ni pana kiasi gani? Inategemea unamuuliza nani.

Nenda Usambara Mashariki, juu ya Muheza, barabara inayopanda Amani. Msitu unakatika ghafla, inaanza chai: kijani kibichi, imenyolewa kwa usawa kama kichwa cha mwanajeshi, kisha msitu tena. Kwa macho ya mpita njia hapo hakuna uharibifu wowote, kote ni kijani. Lakini kuna ndege wadogo wanaoishi chini kabisa ya msitu, wanaookota wadudu kwenye majani yaliyooza, ambao maisha yao yote ni giza, unyevu na kivuli. Mtafiti William Newmark amekuwa akiwanasa kwa nyavu laini katika milima hii tangu mwaka 1987, anawavisha pete miguuni, anawaachia, kisha anangoja kuona nani atanaswa tena na wapi. Jambo lililojitokeza ni kwamba wengi wa ndege hao hawavuki. Wana mbawa, na umbali wa chai ni ambao kunguru angeumaliza huku anapiga kelele, ila kwao ule mwanga ni ukuta. Katika vipande vidogo vya msitu walipungua aina baada ya aina, bila mti hata mmoja wa kipande hicho kuongezwa kwenye orodha ya iliyokatwa.

Kwa hiyo kumega makazi na kuyapunguza ni mambo mawili. Unaweza kubakiza msitu mwingi, lakini ukiubakiza vipande vipande umebakiza miti bila wenyeji wake. Na vifo vyenyewe havina haraka. Ndege wanaweza kuendelea kuimba kwenye kipande kidogo kwa miaka mingi, wakizeeka pamoja, kabla wa mwisho hajanyamaza. Mwenye kuhesabu mapema ataandika kwamba hali ni shwari.

Suluhisho la Usambara lilikuwa kuunganisha, na halikuwa suluhisho la bure. Msitu wa Derema unaiunganisha Amani na misitu iliyo kaskazini yake, lakini ndani yake wakulima wa vijiji jirani walikuwa na mashamba ya iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi msitu wote: anasafisha chini, anaacha miti mikubwa juu. Ukiangalia kwa ndege ya utafiti unaona msitu. Ukiingia, kile kichaka cha chini anachokitaka ndege wetu hakipo. Wakulima walitakiwa kutoka, mimea yao ikahesabiwa, na malipo yakachukua miaka. Kwa mtu ambaye iliki ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, miaka ya kusubiri si jambo dogo, na sioni kwa nini watetezi wa ndege wasilitaje hilo kwa sauti ileile wanayoitumia kuusifu ushoroba.

Wanasayansi wengi waliofikiria mambo haya walianzia baharini. Mwaka 1967 Robert MacArthur na Edward O. Wilson waliandika nadharia ya visiwa: kisiwa kidogo kilicho mbali na bara huwa na aina chache, kwa sababu zinatoweka haraka na wageni wa kuzijaza tena hawafiki. Haikuchukua muda watu wakaanza kuzitazama hifadhi kama visiwa katikati ya bahari ya mashamba. Ulinganisho huo umesaidia sana, lakini una kasoro ambayo mtu wa Rufiji au wa Laikipia angeiona mara moja: bahari ni bahari usiku na mchana, shamba siyo. Shamba la mahindi saa nane mchana lina watu, mbwa na redio. Saa nane za usiku ni nyasi ndefu zenye giza.

Tembo analijua hilo kuliko yeyote. Iain Douglas-Hamilton, aliyeanza kuwachunguza tembo wa Manyara miaka ya 1960, baadaye aliwavisha tembo wa Kenya mikanda ya shingoni inayofuatiliwa kwa setilaiti, pamoja na wenzake, na mwaka 2005 wakachapisha walichokiona. Ndani ya eneo salama tembo anatembea taratibu, anazungukazunguka. Akitaka kwenda eneo lingine salama kupitia katikati ya watu, anangoja usiku, anashika mstari mwembamba na kwenda kwa kasi bila kusimama kula, mpaka afike. Ukiziweka alama za mkanda wake kwenye ramani utaona madoa mawili makubwa yaliyounganishwa na uzi. Ule uzi ndio ushoroba. Haukuchorwa na ofisi yoyote, na unaweza kukatika kwa nyumba tatu na taa ya sola.

Ndiyo maana wahandisi wanaojenga vivuko wanapata shida. Kule Kenya, kati ya Mlima Kenya na tambarare za Lewa, kuna ushoroba wa kilomita 14 uliozungushiwa uzio pande zote mbili, na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru inaukata. Ikajengwa njia chini ya barabara. Swali la kila mtu lilikuwa kama kuna tembo mwenye akili timamu atakayeingia chini ya kitu kinachonguruma. Tarehe 1 Januari 2011 dume kijana aliyepewa jina la Tony akapita, na wengine wakafuata. Mwaka 2013 eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya likapanuliwa kuzijumuisha Lewa na msitu wa Ngare Ndare.

Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilipita Tsavo juu ya tuta refu, ikiachiwa vivuko vya chini na madaraja. Tembo wenye mikanda wamevitumia, hasa usiku. Lakini wapo waliosogelea tuta wakageuka. Tembo akishasimama mbele ya tundu, anasoma mambo mengi kwa mpigo: anaona mwanga wa upande wa pili au haoni? Kuna harufu ya ng'ombe, ya watu, ya kinyesi cha tembo mwenzake? Chini kuna udongo au zege? Na kuna kitu kimoja ambacho ramani ya ujenzi haikionyeshi: mita 500 mbele ya kivuko kuna nini. Kivuko kinachofunguka kwenye maduka na kituo cha malori ni daraja la kwenda kusikoendeka. Kusini mwa Tanzania, kwenye Bonde la Kilombero, ushoroba wa tembo kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere umepata nao njia yake chini ya barabara ya kwenda Ifakara. Kazi ngumu zaidi pale ilikuwa kukaa na wanavijiji na kukubaliana nani atauachia ushoroba shamba lake na kwa malipo gani, kwa sababu bila ardhi ya pande zote mbili zege lisingekuwa na maana.

Uzio, kwa upande wake, haungoji bajeti ya serikali. Hifadhi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na imezungushiwa uzio pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Athi-Kapiti na kurudi. Kilichotokea Kitengela, upande huo wa kusini, kinajulikana: ardhi ya jumuiya iligawanywa, kila mtu akapata hati yake, na mwenye hati huweka mipaka. Simlaumu. Ukishanunua plot kwa mkopo, ng'ombe wa jirani ni adui wa mboga zako. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio. Dola nne. Jirani anauza robo ekari kwa bei ya gari. Mpango uliwasaidia baadhi ya wafugaji waliokuwa wanataka kubaki wafugaji, lakini usingeweza kushindana na Jiji la Nairobi linalotafuta pa kulala.

Je, njia iliyofungwa miaka mingi inaweza kufufuka? Botswana ilitoa jibu bila kukusudia. Mwaka 1968 ilijengwa uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo, ukakata njia ya pundamilia kati ya delta ya Okavango na mabonde ya chumvi ya Makgadikgadi. Uliondolewa mwaka 2004. Kufikia mwaka 2007 pundamilia waliovishwa mikanda walionekana wakisafiri tena, kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 500. Miaka 36 ni mingi kuliko umri wa pundamilia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa hai anayeikumbuka njia. Pengine walifuata mvua na majani mapya, hatua kwa hatua, wakajikuta walipokuwa wakienda mababu zao. Nadhani hilo ni la kutia moyo kwa tahadhari, kwa sababu Botswana pale ilibidi waondoe waya tu. Kwakuchinja ni lazima uzungumze na watu wenye nyumba, makaburi na zahanati.

Na watu hao wana hesabu zao. Tembo wachache wanaweza kumaliza ekari mbili za mahindi kabla ya alfajiri, wiki moja kabla ya kuvuna. Tanzania malipo yanayotolewa kwa mazao yaliyoliwa huitwa kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Majina yamechaguliwa kwa uaminifu: hayadai kuwa fidia. Mwaka 2009 ripoti ya watafiti ilitaja shoroba 31 nchini. Mpango wa taifa wa mwaka 2022 ukataja 61, na 20 kati yake ukazipa kipaumbele. Idadi haikupanda kwa sababu njia zimeongezeka, ilipanda kwa sababu safari hii zilitafutwa vizuri zaidi. Kinachohitajika kwenye kila moja kati ya hizo 61 ni tofauti: pengine mita 200 za giza zinatosha, pengine inatakiwa wilaya nzima ibaki malisho.

Kule Simanjiro, mahali nyumbu wanapozalia, kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii katikati ya miaka ya 2000. Kijiji kinapokea malipo kila mwaka, na kwa upande wake hakiruhusu kulima wala kujenga kwenye uwanda wa kuzalia. Kuchunga kunaruhusiwa. Kwa mfugaji ni makubaliano yanayoingia akilini, kwani anayetaka uwanda wazi kwa ajili ya nyumbu na anayeutaka kwa ajili ya ng'ombe wana adui mmoja, naye ni trekta.

Hata hivyo ng'ombe na nyumbu hawakai pamoja mwaka mzima. Ndama wa nyumbu anapozaliwa hubeba kirusi ambacho yeye hakimdhuru, lakini ng'ombe akikipata anafumba macho kwa usaha na kufa. Wamaasai wanauita ugonjwa huo kwa jina la nyumbu. Basi miezi ile nyasi zinapokuwa nzuri kuliko wakati wowote, mfugaji huwaondoa ng'ombe wake kwenye uwanda na kuwapeleka kwenye malisho duni, akiwaachia nyumbu eneo lote. Hatazami kalenda kujua lini arudi. Anawatazama ndama kwa mbali: wakiwa bado na rangi ya udongo, anangoja, wakianza kuwa weusi kama mama zao, anafungua boma.